Kolera: kwa nini anayeharisha lazima aendelee kunywa

Katika miji na vijiji vya kandokando ya ziwa Kivu na ziwa Tanganyika, kolera si habari mpya. Inarudi kila mara, hasa robine zinapokauka na watu wanaanza tena kuchota ziwani. Na kila inaporudi, sentensi moja inarudi nayo ndani ya nyumba: «Usimupatie mai, itatoka tu chini.» Anayesema hivyo si mjinga. Anaona kwa macho yake: mtoto anakunywa kikombe, na dakika chache baadaye anaharisha maji tupu. Kwa akili ya kawaida, kumwongezea kingine ni sawa na kumwaga maji ndani ya ndoo iliyotoboka.

Hata hivyo wauguzi wa CTC, yaani vituo vya kutunza wagonjwa wa kolera, wanafanya kinyume kabisa. Wanamkalisha mama karibu na kitanda chenye tundu, wanampa kikombe na kijiko, wanamwambia: endelea kumnywesha, hata akiharisha, hata akitapika. Wauguzi ndio wana haki. Lakini sababu haielezwi mara nyingi, na mtu ambaye hakuelezwa sababu anachoka upesi, hasa saa nane ya usiku.

Sababu yenyewe ni hii: utumbo wa mgonjwa wa kolera haukutoboka. Hauna hata kidonda. Kilichoharibika ni swichi moja ndogo sana ndani ya seli za utumbo, ambayo imekwama kwenye «washa». Na swichi hiyo ni moja kati ya zile ambazo mwili unazitumia kila siku, katika moyo, katika pua, katika macho. Ili kujua namna ilivyokwama, ni vizuri kwanza kuiona ikifanya kazi kwa mtu mzima wa afya.

Mgeni anayegonga bila kuingia

Motari anashuka kwa mwendo kwenye barabara ya mteremko. Mtoto anatokea mbele yake ghafula. Kabla hajamaliza kufikiri, moyo wake umeshapiga kwa nguvu, kifua kimefunguka, ini limeachilia sukari ndani ya damu. Anakwepa, anapita, anasimama mbele kidogo huku miguu inatetemeka. Kilichofanya kazi hiyo ni adrenalini, homoni inayotoka kwenye tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo.

Kuna jambo moja la kushangaza hapo. Adrenalini haikuingia ndani ya seli hata moja ya moyo wake. Haiwezi kupenya hivi hivi, kwa sababu kila seli imezungukwa na ngozi nyembamba ya mafuta. Ilifika tu kwa nje, ikagusa, ikaenda zake. Sasa, ndani ilijulikana namna gani?

Ni sawa na usiku ndani ya parseli. Mgeni anafika kwenye lango, anagonga. Haingii. Zamu anaamka, anakimbia kuamsha mwenye nyumba, na mwenye nyumba anaamsha watoto: mmoja awashe taa, mwingine afungue. Nyumba nzima iko macho, na mgeni bado yuko barabarani.

Lango hilo kwenye seli linaitwa kipokezi. Mwili wa mtu una aina karibu 800 za vipokezi vya ukoo huu mmoja, na vyote vina umbo moja: uzi wa protini unaopita ngozi ya seli mara saba, ndani na nje, sawa na uzi wa fundi cherehani kwenye kitambaa. Upande wa nje unangoja mgeni wake. Kuna kipokezi cha adrenalini, kuna cha mwanga ndani ya jicho, kuna vingi vya harufu ndani ya pua. Karibu theluthi moja ya dawa zinazotumiwa duniani zinafanya kazi kwa kugonga malango haya ao kwa kuyaziba: salbutamol ndani ya pompi ya mwenye asma, propranolol ya moyo, morfini ya maumivu. Watu wanazimeza kila siku bila kujua kwamba ni ndugu.

Zamu aliye upande wa ndani anaitwa protini G. Wakati amelala, ameshika kitu kidogo kinachoitwa GDP, ambacho ni sawa na betri iliyokwisha. Mgeni anapogonga, kipokezi kinajipinda kidogo. Kujipinda huko kunamfanya zamu aachilie betri iliyokwisha na kushika iliyojaa, GTP. Hapo ameamka. Ana sehemu tatu, alfa, beta na gama. Sehemu ya alfa inaachana na zile mbili na kuteleza chini ya ngozi ya seli mpaka kwenye mashine moja, anzime inayoitwa adenili siklaze. Mashine inawaka. Inaanza kutengeneza mjumbe wa ndani, AMP sikliki, ambaye anasambaa seli nzima na kuamsha wafanyakazi wengine, wa kwanza wao ni kinaze A.

Mgonjo mmoja tu kwenye lango unaweza kuamsha zamu zaidi ya mmoja, na kila mashine iliyowashwa inatoa wajumbe wengi. Ndiyo maana tone dogo sana la homoni linatosha kutikisa mtu mzima. Na kazi inayofuata inategemea nyumba yenyewe: AMP sikliki ikijaa ndani ya seli ya moyo, moyo unapiga kwa nguvu, ndani ya ini, sukari inatoka, ndani ya misuli ya njia za pumzi, misuli inalegea na hewa inapita. Mjumbe ni yule yule.

Lakini kuamka ni nusu tu ya habari. Zamu huyu ana saa yake mwenyewe. Sehemu ya alfa, bila kuambiwa na mtu, inavunja GTP iliyoshika na kuigeuza kuwa GDP tena. Inachukua sekunde chache. Betri ikiisha, alfa anarudi kwa ndugu zake wawili, mashine inazimika, na anzime nyingine inafagia AMP sikliki iliyobaki. Motari anapumua, anawasha pikipiki, anaenda. Bila saa hiyo, moyo wake ungebaki unakimbia kwa sababu ya mtoto aliyemkwepa saa moja iliyopita.

Mambo haya hayakujulikana kwa siku moja. Mmarekani Earl Sutherland ndiye aliyemgundua mjumbe wa ndani alipokuwa anachunguza namna adrenalini inavyotoa sukari ndani ya ini, na akapewa tuzo ya Nobel mwaka wa 1971. Zamu waligunduliwa na Martin Rodbell na Alfred Gilman, Nobel ya 1994. Malango yenyewe yalileta Nobel ya 2012 kwa Robert Lefkowitz na Brian Kobilka.

Sumu isiyogonga lango

Utumbo mwembamba pia una malango yake. Mishipa ya fahamu ya tumbo inatoa mjumbe ambaye anagonga kwenye seli za utumbo, zamu anaamka, AMP sikliki inapanda, na kinaze A inafungua tundu moja maalum ambalo kloridi inapitia kutoka nje. Kloridi na sodiamu ndizo zinazofanya chumvi ya jikoni. Kloridi ikitoka, sodiamu inaifuata. Chumvi ikitoka, maji yanaifuata. Hiyo si ugonjwa. Chakula kinahitaji kulowa ili kitembee. Kwa siku moja, litre 8 ao 9 hivi za maji zinapita ndani ya utumbo, yale mtu aliyokunywa pamoja na yale mwili wenyewe uliyotoa, na karibu yote yananyonywa tena. Yanayobaki ndani ya choo hayafiki hata glasi moja.

Sasa mikrobe ya kolera inaingia, ndani ya maji ao ndani ya chakula. Kwa muda mrefu watu walifikiri kwamba inatafuna utumbo. Mwaka wa 1959, munganga mmoja wa mji wa Calcutta nchini India, Sambhu Nath De, alifanya jaribio rahisi. Alikuza mikrobe ndani ya maji ya chakula chao, akazichuja zote, akatia maji yale matupu ndani ya kipande cha utumbo wa sungura. Utumbo ukajaa maji. Kumbe si mikrobe yenyewe inayoleta balaa, ni sumu inayoitoa.

Sumu ile ina vipande sita. Vitano vinakaa duara, na kazi yao ni kushika tu ngozi ya seli. Cha sita ndicho mwizi. Kinaingizwa ndani, na hakigongi lango lolote, hakimtafuti mgeni wala kipokezi. Kinaenda moja kwa moja kwa zamu. Kinamgandisha kitu kidogo kwenye sehemu ya alfa, mahali pale pale anapotumia kuvunja GTP. Mwaka wa 1977, watafiti wa Yerusalemu walionyesha jambo hilo kwa kutumia seli za damu ya bata mzinga: baada ya sumu ya kolera, kazi ya kuvunja GTP inazuiwa.

Yaani sumu imevunja saa ya zamu. Hakuna mgeni kwenye lango, lakini zamu anapiga kelele «amkeni, amkeni», na hawezi kunyamaza tena. AMP sikliki inapanda na kukaa juu. Tundu la kloridi linabaki wazi mchana na usiku. Na ili mambo yazidi kuharibika, AMP sikliki nyingi inafunga pia mlango mmoja wa kawaida ambao seli inautumia kurudisha chumvi ndani. Kutoka kumeongezeka, kuingia kumepungua.

Mtu mzima aliyepatwa vibaya anaweza kupoteza hata litre moja kwa saa. Kinachotoka kinafanana na maji ya kuosha mchele, na pamoja nayo zinatoka sodiamu, potasiamu na bikarbonati ambazo damu inazihitaji. Macho yanaingia ndani, ngozi ya tumbo ikikunjwa inarudi polepole, misuli inakaza, sauti inapotea, mkojo unakatika. Mikrobe haikugusa moyo wala bongo. Mtu anakufa kwa sababu damu imebaki kidogo mno kuzunguka, na hiyo inaweza kutokea kwa masaa machache. Kolera kali isiyotunzwa inaweza kuua nusu ya iliowashika. Ikitunzwa vizuri na mapema, anakufa chini ya mtu 1 kwa 100.

Hapo wengine wanauliza: na antibiotiki? Zina faida kwa wagonjwa wakali, kwa sababu zinaua mikrobe na kupunguza siku za kuharisha. Lakini haziwezi kumtengeneza zamu aliyekwishavunjwa saa. Seli iliyoguswa itabaki hivyo mpaka itakapobanduka. Kwa bahati nzuri utumbo unajivua sawa nyoka: seli za juu zinabanduka na mpya zinapanda kuchukua nafasi yao kila baada ya siku 3 mpaka 5 hivi. Seli mpya zina zamu mzima. Kwa hiyo kolera ina mwisho wake wenyewe, na kazi yote ya matunzo ni kumfikisha mgonjwa kwenye siku hiyo akiwa na maji ya kutosha ndani ya mishipa.

Mlango ambao kolera haikuugusa

Turudi kwenye ndoo iliyotoboka. Mfano huo unadanganya, kwa sababu utumbo una milango mingi, na sumu haikuiharibu yote. Mwaka wa 1960, huko Prague, mtafiti Robert Crane alieleza wazo jipya: sukari inaingia ndani ya seli ya utumbo ikiwa imeshikana mkono na sodiamu. Ni mlango wa pekee ambao haufunguki kwa mmoja. Leo inajulikana kwamba kwa kila glukosi moja zinapita sodiamu mbili, na maji yanafuata nyuma.

Mlango huo haumsikilizi zamu. Hata AMP sikliki ikijaa mpaka juu, sukari na chumvi zikifika pamoja, zinapita. Siri nzima ya pakiti ya SRO iko hapo. Maji matupu hayatoshi, maji ya chumvi peke yake hayatoshi, na maji ya sukari peke yake vilevile. Fanta na jus za duka zina sukari nyingi mno na chumvi karibu hakuna. Sukari ikizidi inavuta maji kutoka mwilini kwenda ndani ya utumbo, na kuharisha kunaongezeka. Ndani ya SRO ya leo, kiasi cha glukosi na cha sodiamu vimelinganishwa, na kuna potasiamu na sitrati za kurudisha vile vingine vilivyopotea.

Jambo moja linavunja watu moyo, na afadhali lisemwe wazi: SRO haizibi kuharisha. Tundu la kloridi bado liko wazi, kwa hiyo choo cha maji kitaendelea. Tofauti ni kwamba wakati maji yanatoka kwa tundu moja, mengine yanaingia kwa mlango mwingine. Mama anayehesabu vyoo ataona dawa haifanyi kitu. Afadhali aangalie macho ya mtoto, ulimi wake, na kama amekojoa.

Wazo la Crane lilifika kwa wagonjwa mwaka wa 1968 huko Dhaka, ambako David Nalin na Richard Cash walionyesha kwamba wagonjwa wa kolera wanaweza kutunzwa kwa kunywa, na serumu ya mshipani ikapungua sana. Wengi hawakuamini. Mwaka wa 1971, vita ya Bangladesh ilipoleta mamilioni ya wakimbizi nchini India, munganga Dilip Mahalanabis alijikuta kwenye kambi ya Bangaon na wagonjwa wamelala chini, serumu inaisha. Aliamua kuchanganya chumvi, sukari ya glukosi na bikarbonati, na kuwaachia ndugu za wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Mbele ya hapo, karibu wagonjwa 30 kwa 100 walikuwa wanakufa. Wakabaki chini ya 4.

Goma nayo inayo kumbukumbu yake, na ni chungu. Mwezi wa 7 mwaka 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walivuka mpaka kwa siku chache, juu ya mawe ya volkano ambako hata kuchimba choo ni taabu. Karibu watu 50.000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi kwa kolera, kisha kwa kuharisha damu. Wataalamu wa Bangladesh waliokuja kusaidia waliandika baadaye, mwaka wa 1995, juu ya nini vituo vya matunzo vilishindwa kuzuia vifo: wagonjwa walirudishiwa maji polepole mno, serumu zisizofaa zilitumiwa, na matunzo ya kunywa hayakutumiwa vya kutosha. Yaani dawa iliyokwisha kujulikana miaka 26 mbele ilikosa mikono ya kuinywesha.

Nyumbani, kazi inaanza choo cha kwanza cha maji kinapotoka, si kesho. Pakiti moja ya SRO inachanganywa na litre nzima ya maji safi. Kuigawa nusu nusu ili itoshe watoto wawili kunaharibu ule ulinganifu. Pakiti ikikosekana, litre moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa kwa kisu, na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vinaweza kumsogeza mgonjwa mpaka kituo cha afya. Chumvi isizidi, kwa mtoto ni hatari. Anayetapika anapumzishwa dakika 10, kisha anaanza tena, kijiko kwa kijiko, polepole. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya.

Mgonjwa asiyeweza tena kunywa, anayelegea, ao ambaye macho yamezama na mapigo ya mkono hayasikiki, huyo amepita mahali pa kikombe. Anahitaji serumu ya mshipani mara moja, na anapelekwa CTC usiku huo huo, huku anaendelea kunyweshwa njiani kama anaweza kumeza. SRO iliyochanganywa ikibaki, baada ya masaa 24 inamwagwa na kutengenezwa nyingine.